Sura Aliyoiruka Humaid

Ijumaa, 5 Desemba

Mimi ni Masouda. Nnaandika kwa penseli. Mkono unauma.

Jumamosi, 6 Desemba

Asubuhi kibaridi. Nimezima kiyoyozi. Nyumba kimya.

Jumatatu, 8 Desemba

Leo nna nguvu, nitaandika zaidi ya mstari.

Nnaishi Ansab, katika nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu, Humaid. Juu anakaa mwanangu Muatasim na mkewe Khulood na watoto wao. Chini tupo mimi na Bi Balqis, dada yake Humaid, mkubwa wake. Bi Balqis alikuwa mwalimu, kwanza Unguja, halafu huku Maskati mpaka akastaafu. Sasa sukari imemla macho. Anaona mwangaza na kivuli, basi. Na figo nazo zimechoka, kila baada ya siku mbili Muatasim anampeleka hospitali kusafishwa damu.

Mimi sikusoma. Msahafu nnausoma, nimefunzwa chuoni na marehemu bibi yangu, lakini gazeti la Kiarabu halinifungukii, na herufi za Kiswahili hakuna aliyenionesha. Tulipotoka Unguja nilikuwa mtoto wa kubebwa. Tulipofika Maskati, baada ya miaka ya kuhangaika kwengine, skuli zilikuwa zimeanza kufunguliwa, na mimi nilikuwa mkubwa wa wadogo zangu. Mtu abaki na wadogo. Nikabaki mimi.

Bi Balqis hakuwahi kunambia neno baya juu ya hilo. Alikuwa akinisahihisha tu. Ninavyosema, ninavyokunja nguo, ninavyokata vitunguu. Kwake mimi nilikuwa mwanafunzi asiyefaulu.

Ijumaa baada ya chakula Humaid akitusomea, sisi wawili, miaka yote. Vitabu alikuwa navyo vingi, lakini akikipenda kimoja, kinene, kimeng'oka jalada na ukurasa wa jina. Kiswahili chake cha zamani. Ni khabari za watu wa Amerika ya kale, waliohamia kando ya mto mkubwa wakajenga nyumba ya magogo. Mna mwanamke humo, Prudensi, ambaye hakwenda skuli. Alijifunza mwenyewe, kwa vitabu viwili vitatu vilivyokuwa nyumbani kwake, akiandika herufi kwa mkaa nyuma ya mlango. Nilimpenda sana mwanamke yule. Humaid akikimaliza kitabu, tunakaa wiki chache na vyengine, kisha mimi nnamwambia, "Turudi mtoni." Anarudi.

Alifariki mwezi wa Mei. Nikakaa eda chumbani, na kitabu kiko juu ya meza yake kama alivyokiacha. Siku moja nikakifungua. Maneno ya mwanzo nnayajua kwa moyo: "Mto ule ulikuwa mpana hata mtu wa ng'ambo alionekana mdogo kama kuku." Nikaweka kidole mwanzo, nikasema, nikasogeza kidole. "Mto" likarudi mstari wa chini yake, nikalikamata. Halafu nikalikamata "mtu". Nikaona hitilafu yao iko mwishoni tu, herufi moja, moja duara na moja iko wazi juu. Nililia siku ile kuliko siku ya maziko.

Hivyo hivyo eda nzima, neno kwa neno, na mpaka leo sijafika nusu ya kitabu; kuandika nimejifunza kwa kunakili.

Lakini si macho yangu peke yake. Nikiweka kidole, nnamsikia yeye. Humaid anasoma sikioni mwangu, na pumzi zake, na kile kikohozi anapogeuza ukurasa. Sijamwambia mtu. Utamwambia nani kwamba unasomeshwa na maiti?

Jumatano, 10 Desemba

Bi Balqis karudi hospitali amechoka. Hakula. Alikaa sebuleni uso kauelekeza kwenye kiti cha Humaid. Mimi nilikuwa na kitabu mapajani na yeye hajui.

Ijumaa, 12 Desemba

Leo nimemsomea.

Baada ya chakula nilikaa kwenye kiti cha Humaid. Nikaanza. "Mto ule ulikuwa mpana…"

Bi Balqis aligeuka. "Nani huyo?"

"Mimi, Masouda."

"Nnajua kama ni wewe. Unafanya nini?"

"Nnasoma."

"Unasema ulichokihifadhi. Hata mimi hapo nnapajua."

"Nnasoma, Bi Balqis."

"Haya, fungua katikati. Popote. Soma."

Nikafungua. Ilikuwa pale wanapopanda mahindi na udongo umejaa mizizi. Nilikwenda polepole, nnakwama, nnarudi. Nilipofika mwisho wa aya nikanyanyua macho. Bi Balqis alikuwa kaziba mdomo kwa mtandio.

"Nani kakufundisha?"

"Humaid."

"Humaid amekufa mwezi wa Mei."

"Ndiyo."

Akasema, "'Magugu', si 'maguku'. Usile herufi." Halafu: "Ijumaa ijayo soma chengine. Kabatini vimo tele."

"Nnakijua hiki. Chengine sitakiweza."

"Utakiweza. Chagua chengine."

Nilifurahi mno, sikujiuliza kwa nini.

Jumapili, 14 Desemba

Mawingu juu ya milima. Hayakuleta kitu.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeendelea na kitabu kile kile. Bi Balqis alinung'unika kidogo. Anasikiliza kama anayesubiri kupigwa sindano.

Muatasim alishuka kutafuta funguo za gari, akasimama mlangoni. Hakuamini. Akaja akanibusu kichwa. "Mama! Tangu lini?"

"Tangu eda."

"Masha Allah. Na mimi sina khabari!" Akacheka. Kisha akakitazama kitabu, na kicheko kikamkauka. "Mmefika wapi?"

"Prudensi kajifungua mtoto wa pili. Nathani, wa kwanza, sasa ana miaka mitano."

Mwanangu akamtazama shangazi yake, akasahau kama haoni. Bi Balqis naye akainua uso kwake, kama kaliona lile jicho. Niliwaona wote wawili. Nikadhani wanamkumbuka Humaid.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimepika mkate wa kumimina. Umeungua chini.

Alhamisi, 25 Desemba

Simu za watu wote zimelia pamoja, tahadhari ya mvua kesho na kesho kutwa. Khulood akafurahi. Yeye ni binti wa watu wa Sur, hakukulia kwetu, na huku mvua ni karamu, watu wanapanda magari wanakwenda kutazama wadi, ile mito mikavu ya mabondeni, zikishuka. Akasema, "Yalla, kesho tuwapeleke watoto wakaone maji." Muatasim akamkatiza kwa sauti ambayo sijaisikia kwake: "Hakuna anayekwenda popote!" Watoto wakaanza kulia. Khulood akapanda nao juu.

Humu ndani mvua ikija, hatuzungumzi. Khulood amelikuta hilo na hakuna aliyemweleza.

Nitaandika mara moja. Tulikuwa na binti, mdogo wake Muatasim. Alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tukikaa Ruwi wakati ule, nyuma ya nyumba ikipita wadi, kavu mwaka mzima. Ilishuka asubuhi moja ya mvua. Walimpata siku ya pili.

Tangu siku ile jina lake halikutajwa humu, na nguo zake na picha Humaid alizitoa, sijui alizipeleka wapi. Mimi sikuuliza. Nilidhani hawalitaji kwa sababu wao wameshapoa, na mimi peke yangu ndiye nimebaki naye.

Penseli imekwisha ncha.

Ijumaa, 26 Desemba

Mvua. Bi Balqis kasema kichwa kinamuuma. Hatukusoma.

Jumanne, 30 Desemba

Sijui kama nitaweza kuandika hili vizuri, lakini nnaandika.

Leo Bi Balqis alikuwa hospitali na Khulood katoka. Nikasema nitangulie kurasa kidogo, ili Ijumaa nisikwame mbele yake. Nimekaa mezani jikoni, jua limeingia mpaka miguuni. Wanavuna mahindi. Humaid anasoma sikioni taratibu, mimi nnamfuata kwa kidole. Anapomaliza kuvuna, nnajua nini kinakuja. Sauti yake itasema: "Basi mwaka ule Nathani akapelekwa mjini kwa mjomba wake, akasome." Kisha wanahamia kilimani. Nimeisikia miaka na miaka.

Nikageuza ukurasa. Humaid hakukohoa.

Nikasubiri. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Kimya. Si kimya cha mtu aliyenyamaza, kimya cha chumba kisicho na mtu. Friji inanguruma. Nikarudi ukurasa wa nyuma, yupo, anavuna mahindi. Nikageuza tena, hayupo.

Nikadhani nimegeuza kurasa mbili. Sikugeuza. Juu imeandikwa Sura ya Kumi na Tatu. Nikaanza kutafuta "mjini", nikatafuta "mjomba". Sikuyaona. Nikaona "mto". Lile neno langu la kwanza. Limejaa ukurasa mzima, mto, mto, mto, kama mchwa.

Nikaanza peke yangu. Hakuna wa kunishika mkono. Kila neno nnalivunja, nnaliunga. "U-si-ku u-le mto u-li-pa-nda bi-la ke-le-le." Nilichukua muda mrefu kufika mwisho wa mstari, na nilipofika nimeshasahau mwanzo, nikarudi. "Asubuhi Nathani hakuwapo kitandani." Nikajiambia, ndiyo, kapelekwa mjini. Nikaendelea. "Prudensi aliita jina lake kutoka mlangoni, kisha kutoka uani, kisha kutoka ukingoni."

Hapo nikaelewa. Lakini nilikuwa siwezi kuacha, kwa sababu nilikuwa bado sijui neno lifuatalo, na mtu anayejifunza kusoma hawezi kuliona neno akalipita. Nikasoma mpaka wanapomtoa. Mwandishi anasema viatu vilikuwa bado miguuni, vimefungwa vizuri, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza amejua kuvifunga.

Humaid alinambia kapelekwa mjini.

Nimeishi na mtoto yule. Nikikunja nguo, nikingojea chakula kiive, nilikuwa nikimfikiria Nathani kule kwa mjomba wake. Nilimkuza. Nilimvisha kanzu nzuri, nilimwozesha. Nilikuwa nikijiambia, kuna mtoto mmoja angalau aliyeondoka kwa mamaake na yuko salama.

Bi Balqis aliporudi akaita, "Masouda, chai." Nikampelekea chai.

Jumatano, 31 Desemba

Sikulala vizuri. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 1 Januari

Khulood kaniuliza kwa nini nimemwaga chumvi kwenye sukari.

Ijumaa, 2 Januari

Baada ya chakula nilikaa, kitabu kimefungwa. Bi Balqis akasema, "Soma basi."

"Bi Balqis, Nathani alikwenda wapi?"

Kikombe chake kikasimama njiani. Akakirudisha kwenye kisahani bila kukosea.

"Kwa mjomba wake."

"Kitabu kinasema kazama."

Akakisukuma kisahani mbali. Nikasema, "Wewe kitabu hiki umekisoma kabla ya Humaid. Ulikuwa ukikisomesha. Umekaa hapo Ijumaa zote hizo, unamsikia anadanganya, na wewe unakunywa chai."

"Nilimwambia akichome moto," akasema. "Alipougua nilimwambia, Humaid, kichome. Akasema Masouda atakiuliza."

"Ni nani aliyetaka sura irukwe? Yeye?"

"Mimi."

Nilijua. Nilitaka nimsikie akisema.

"Ulikuwa husemi, Masouda," akasema Bi Balqis. "Unakumbuka? Hukumbuki. Ulikaa miezi, husemi na mtu, hata na Muatasim. Humaid kaleta daktari, kaleta shekhe. Wapi. Ukikaa ukutani umeshika kanga. Ijumaa moja akafungua kitabu kile, asome tu, ili pasiwe kimya. Ukageuza kichwa. Ndiyo mara ya kwanza kugeuza kichwa. Sasa sisi tufanye nini, tukunyang'anye? Nikamwambia, soma, lakini ukifika kule, ruka. Sema kapelekwa mjini. Basi."

"Halafu nikapona. Nikawa nasema, nacheka, nazika watu, naozesha. Kwa nini hamkunambia?"

"Utaanzia wapi kumwambia mtu?"

"Mmenifanya mtoto mdogo. Mmeniweka hapa miaka yote mnanitazama kama gilasi iliyopasuka. Na mimi nikidhani nyinyi mmesahau!"

Akasema pole pole, "Na mimi sikutaka kuisikia sura ile. Usidhani ilikuwa kwa ajili yako peke yako."

Nikatoka. Nilimwacha pale na sikumpeleka chumbani kwake. Alikwenda mwenyewe, nikamsikia anapapasa ukuta.

Jumamosi, 3 Januari

Kitabu hakipo. Muatasim kakichukua.

"Shangazi kanambia," alisema. "Mama, kinakudhuru. Umekonda."

"Nirejeshee."

"Inshallah, ukitulia."

"Mimi si mgonjwa, Muatasim. Mimi nimesoma kitabu."

"Mama, nakuomba." Macho yake yalikuwa ya mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Sikuelewa anazuia nini. Nikamwacha aende.

Jumatatu, 5 Januari

Sisemi na mtu.

Jumatano, 7 Januari

Humaid hasikiki tena. Nimesoma maneno ya mfuko wa mchele. Nimesoma karatasi ya dawa. Nimesoma kitabu chengine cha kabatini, ukurasa mzima, nimeuelewa. Ni sauti yangu tu, nyembamba, inakokota. Nimemkasirikia na bado nimekaa kwenye kiti chake kumngoja.

Jumapili, 11 Januari

Upepo wa vumbi. Tumefunga madirisha.

Jumatano, 14 Januari

Bi Balqis kalazwa. Alikuwa kwenye mashine, presha ikashuka, hakujijua. Muatasim alipiga simu kutoka hospitali, akasema kazindukana lakini watabaki naye. Nikaingia chumbani kwake kumkusanyia nguo. Kila kitu kimekunjwa kwa mkono wa asiyeona, na bado kimekaa sawa kuliko vyangu. Mwaka jana ningeona anajionesha.

Alhamisi, 15 Januari

Baada ya alasiri Muatasim kanichukua kwenda hospitali. Njiani mvua ikaanza, kubwa, ghafla. Tulipofika uwanja wa magari akasimamisha gari lakini hakuzima, na hakufungua mlango. Maji yanatiririka juu ya kioo, huoni nje. Alikuwa kashika usukani kwa mikono miwili.

Nikasema, "Twende, mwanangu. Tutalowa tu."

"Siwezi, mama. Mpaka ipungue."

Mtu mzima huyu, ana mvi. Nikamtazama vidole, vimekuwa vyeupe. Na hapo ndipo ilipokuja akilini. Wakati ule alikuwa na miaka minane. Alikuwepo asubuhi ile, na mimi sijawahi kumuuliza kitu.

Nikamwambia, "Nambie siku ile."

"Siku gani?"

"Muatasim."

Akasema, anaangalia mbele, "Alitaka kuona maji. Tulikuwa kwenye ngazi ya nyuma. Nilimwambia angoje pale, nakwenda kumwita baba, tutakwenda sote. Nikaingia ndani. Baba alikuwa anasali. Nikamngoja amalize." Akarudia: "Nilimngoja amalize, mama. Sikutaka kumkatiza."

Mvua inapiga juu ya bati la gari.

"Niliporudi hakuwepo. Watu wakaanza kukimbia, na mimi nikakimbia. Halafu mkarudi nyumbani, na hakuna aliyeniuliza. Nilingoja mtu aniulize. Shangazi akanambia nisikutajie, mama mgonjwa. Baba akanambia nisikutajie. Nikangoja ukipona. Ulipopona wakanambia tusikukumbushe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja umri wake wote. Nilikuwa nikisema, mwanangu ana roho ngumu, hata dadake hamkumbuki.

Nikamshika kichwa nikamweka begani kwangu, mwili wake mkubwa ukakunjika juu ya breki ya mkono. Nikasema, "Hajar."

Akashtuka kama kachomwa.

"Hajar," nikasema tena. "Dada yako Hajar. Ulimwambia angoje na ukaenda kumwita babaako. Ulifanya alichotakiwa mtoto kufanya. Mimi nilikuwa jikoni na mlango wa nyuma uko wazi, Muatasim. Mimi ndiye mkubwa niliyekuwa karibu."

"Hajar," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akasema tena. Tukawa tunalisema wote wawili, humo garini, kama watu wanaofundishana.

Mvua ilipopungua akatoka, akafungua buti, akaniletea kitabu kimefungwa katika ghutra yake, kitambaa cha kichwa.

Hatukumwona Bi Balqis leo. Wakati wa kutembelea wagonjwa ulikuwa umekwisha.

Ijumaa, 16 Januari

Muatasim kateremka na Khulood asubuhi, wamekaa nami jikoni, akamweleza yote mbele yangu. Khulood alilia akanishika mkono, akasema, "Na mimi nilitaka kuwapeleka watoto!" Nikamwambia asiyeambiwa hana kosa.

Jumanne, 20 Januari

Bi Balqis karudi nyumbani. Mwepesi kama nguo. Nimemwogesha. Hatukutaja kitu.

Ijumaa, 23 Januari

Nimekaa pembeni ya kitanda chake. Nikamwambia, "Nataka nikusomee sura ile."

Akafumba macho, ingawa kwake ni sawa. "Na nikisema sitaki?"

"Nitaisoma sebuleni, mlango wazi."

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu mwaka kuanza. "Soma. Usile herufi."

Nilisoma. Sikumngoja Humaid. Nilisoma kwa sauti yangu, ya bibi kizee, inayokwama kwenye maneno marefu. Mto ukapanda. Prudensi akaita kutoka mlangoni, kutoka uani, kutoka ukingoni. Nilipofika kwenye viatu nikasimama. Bi Balqis alinyoosha mkono, akapapasa kitandani mpaka akaupata ukurasa, akaweka vidole juu yake kama anayeshika paji la mgonjwa. Nikamalizia mistari kati ya vidole vyake.

Tulikaa. Nje mmoja wa wajukuu anaendesha baiskeli barazani, inagonga ukuta, inarudi.

Bi Balqis akasema, "Alikuwa akija chumbani kwangu asubuhi, Hajar. Ananichana nywele. Ananiumiza, nami sisemi."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hatukuwa tunasemezana sana wakati ule, mimi na wewe. Nilikuwa nnakuona mshamba."

"Nnajua."

"Nilikuwa mjinga," akasema. Halafu: "Umekosea maneno mawili. Lakini sikutaka kukukatiza."

Jumamosi, 31 Januari

Jana Bi Balqis alikuwa na homa, hatukusoma. Leo katulia. Hewa safi, milima imeoshwa, mtu anaweza kuhesabu mawe yake.

Tumeanza Sura ya Kumi na Nne. Hii nilikuwa nnaijua tangu zamani, ndiyo ile ya kuhamia kilimani, lakini mwanzo wake Humaid hakuwahi kuusoma, labda aliona hautaungana na ule uongo wake. Inaanza hivi: "Waliketi wakala mikate na asali, na Prudensi akala kuliko wote."

Nikasimama. Nilipandwa na hasira, nikasukuma kitabu. "Huyu aliyeandika hana mtoto," nikasema. "Mtoto hajapoa kaburini na mwanamke anakula asali! Anakula kuliko wote!"

Bi Balqis alikuwa kaegemea mito. Akasema, "Na wewe ulikula."

"Lini?"

"Siku ya maziko. Wanaume waliporudi makaburini. Nilipika wali wa nazi na samaki, sikujua nipike nini. Nikakuwekea sahani, sikutegemea kama utaigusa. Ukaimaliza. Ukaomba nyengine, ukaimaliza. Ukawa unakula kwa mikono yote miwili, Masouda, huchagui miiba."

"Sikumbuki," nikasema.

"Huwezi kukumbuka, hukuwepo pale. Nyumba imejaa wanawake, wa Ruwi wote, na jamaa kutoka Bustan. Wakaanza kukutazama. Mmoja akamgusa mwenzake. Nikaona watakwenda kusema."

"Wakasema?"

"Hawakuona zaidi. Nilikuja nikasimama mbele yako. Nilikuwa mnene enzi zile, unanikumbuka, na nimevaa buibui. Nikalitandaza hivi." Akanyanyua mikono yake iliyokonda, yenye alama za sindano, akaifungua pande mbili. "Nikasimama hivyo mpaka ukamaliza."

Mikono ikamchoka, akaishusha. Nikamfunika shuka.

Kisha nikakichukua kitabu, nikatafuta mstari, nikaendelea kuanzia mikate na asali.